Alimpenda, Naye Akamfungia

Jacob na Wilhelm Grimm, wale ndugu wawili wa Kijerumani waliotoa juzuu ya kwanza ya ngano zao mjini Berlin mwaka 1812, hawakuwa wachoyo wa adhabu. Malkia aliyetaka kumwua binti yake wa kambo kwa kuwa kioo kilimwambia kwamba uzuri wake umepitwa, alivishwa viatu vya chuma vilivyotiwa motoni, akachezeshwa navyo arusini mpaka roho ikamtoka. Dada wa kambo wa Cinderella walidonolewa macho na njiwa. Na kizee aliyemnonesha Hansel ili apate kumla alisukumwa ndani ya tanuri lake mwenyewe. Kwa hiyo ni ajabu, nayo ni ajabu ambayo wasomaji wengi huipita bila kuitazama, kwamba mchawi aliyemchukua Rapunzel kwa wazazi wake mara tu alipozaliwa, akamfungia mnarani alipotimiza miaka 12, akamkata nywele, akamtupa nyikani, na kwa maneno yake makali akamtia kijana wa mfalme uchungu uliomfanya ajirushe dirishani na kuchomwa macho na miiba hata akapofuka, haadhibiwi walau kwa kofi. Hadithi humwacha pale pale juu, ikafuatana na wale vijana wawili katika mateso yao na furaha yao, wala haigeuki tena kumwangalia.

Wapo wadhanio kuwa huo ni usahaulifu wa wasimulizi. Mimi siamini. Wilhelm alizirekebisha ngano zile toleo baada ya toleo mpaka toleo la saba la mwaka 1857, akifuta hapa na kuongeza pale. Na palipokuwa katika toleo la kwanza pakimwonyesha binti akiuliza kwa nini nguo zake zimeanza kumbana, alipabadilisha ili watoto wasije wakauliza habari ya mimba mbele ya wageni. Mtu mwenye uangalifu wa namna hiyo, aliyekuwa na miaka 45 ya kutafakari, hamsahau mchawi mzima. Rai yangu ni kwamba hakujua amfanye nini. Alikuwa na mtuhumiwa ambaye matendo yake yalistahili tanuri, na ambaye shina la matendo hayo, kila alipolichimbua, lilikuwa mapenzi.

Na tuutazame ushahidi. Ngano ni fupi, nao walioisoma utotoni watakumbuka kiini chake: mke mwenye mimba ashikwa na hamu ya majani ya mboga aliyoyaona katika bustani ya jirani yake mchawi, mumewe aruka ukuta jioni kumwibia, mara ya pili akamatwa, na kwa hofu akubali kumtoa mtoto atakayezaliwa. Wachawi wa ngano huwataka watoto kwa sababu zijulikanazo, ama nyama, ama dhahabu, ama utumishi, ama ufalme. Huyu hataki hata moja katika hayo. Hamli, hamwuzi, hamfagilishi jikoni. Amwahidi baba kwamba atamtunza mtoto kama mama amtunzavyo wake, na kwa kadiri tuambiwavyo ahadi hiyo aliitimiza, hata binti akawa akimwita kwa jina la heshima ambalo Wajerumani wa siku zile walimpa mama wa ubatizo. Na anapomtia katika mnara usio na mlango wala ngazi, hamtupi huko akaenda zake, bali humwendea, husimama chini ya dirisha, huomba ateremshiwe nywele, kisha, kizee kama alivyo, huparamia misuko ile dhiraa 20 kwenda juu ili akae na mtoto wake. Siku anapogundua kuwa kijana mwanamume amekuwa akipanda kwa njia ile ile, halalamiki kama mwenye mali aliyeibiwa. Kilio chake ni cha mtu aliyesalitiwa na ampendaye: alidhani amekwisha kumtenga na walimwengu wote, na kumbe amehadaiwa.

Katika kilio hicho ndimo lilimo jambo zima, maana bibi huyu asema neno la kutisha kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Kumtenga mtoto na walimwengu wote, kwake yeye, ni wema alioufanya. Tena ni wema uliomgharimu, naye alitaraji kushukuriwa. Hila zake zote zatoka katika chemchemi hiyo hiyo. Mnara ni hila, kwa kuwa humfanya binti asijue mtu mwingine wa kumlinganisha na mlezi wake. Nywele ni hila kubwa zaidi, kwa kuwa zamfanya mfungwa awe yeye mwenyewe ngazi ya mfungaji wake, na kila siku ajione amemkaribisha mgeni kwa hiari. Hata mwisho, alipokwisha kumkata binti nywele, aifunga misuko ile dirishani, akamteremshia kijana, akamngoja juu badala ya mchumba wake. Na mtu hawezi kupanga hadaa kama ile asipokuwa amekaa siku nyingi akiijua kila ishara ya mapenzi ya nyumba ile.

Ili kulielewa hili yatupasa kurudi nyuma kabla ya ndugu Grimm, maana kisa hiki hakikuanzia kwao. Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake cha ngano kilichapwa baina ya mwaka 1634 na 1636 yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, ana msichana aitwaye Petrosinella, naye pia afungiwa mnarani kwa sababu ya mboga iliyoibwa. Lakini mlezi wake ni zimwi la kike, wala hatuonyeshwi kuwa zimwi hili lina moyo wa namna yo yote. Petrosinella atoroka na mchumba wake, zimwi lawafuata mbio, nao walitupia nyuma vitu vya kichawi vinavyogeuka wanyama, hata mmoja wao, mbwa mwitu, akalimeza. Basi, pasipo na mapenzi mbwa mwitu hupatikana upesi, na msikilizaji hulala usingizi wake bila dukuduku.

Mambo yalibadilika kisa kilipofika Ufaransa mikononi mwa mwanamke. Charlotte-Rose de Caumont de La Force, bibi wa nasaba kubwa katika baraza la mfalme Louis wa 14, alikuwa na ulimi usiokaa na adabu za jumba lile, na mwaka 1697 mfalme akamwondosha kwa amri, akaenda kukaa katika nyumba ya watawa wa Kikristo. Hadithi zake zilitoka katika miaka hiyo hiyo, na miongoni mwazo imo ya Persinette. Sisemi kwamba kila mfungwa akitaja ukuta asema habari zake, lakini yafaa kukumbuka kuwa aliyeujenga mnara huu kwa maneno alikuwa akijua maana ya kuwekwa ndani na mtu aaminiye kuwa amekutendea jema.

Kwa La Force, mlezi si zimwi wala si kizee mchafu; ni jini wa kike, mmoja wa wale majini wenye daraja na adabu ambao Wafaransa wa wakati ule waliwapenda sana katika ngano zao. Kwa elimu yake ya ghaibu alijua mabaya yaliyoandikwa kumpata binti, akaazimia kumwepusha nayo. Kwa hiyo mnara wake ni wa fedha tupu. Ndani mna vyumba vya fahari, vyakula, vito, vitabu, ala za muziki na rangi za kuchorea, na mwangaza kama wa jua. Kitu kimoja tu hakimo, nacho ni mlango. Nimeisoma habari ya mnara ule mara nyingi, na kila mara huniingia fikira ya jinsi mlezi alivyojisumbua: alivyowaza mtoto atapenda kusoma nini, atachora nini, atakula nini asubuhi. Huko si kujifanya, kwani mwenye kutaka mateka tu atatosheka na kuta nne na mkate. Walakini kila pambo lililoongezwa mle lilikuwa hoja moja zaidi ya kumwambia binti kuwa hana haki ya kulalamika, na nadhani mwandishi alilijua hilo vizuri.

Siri inapofichuka, jini huyu hutenda kama atakavyotenda mchawi wa Grimm baadaye, na pengine kwa ukatili ulio laini zaidi. Amhamisha binti mwenye mimba mpaka kijumba kilicho pwani, mahali pazuri, penye chakula kisichokwisha; kijana wa mfalme naye ahadaika, ajirusha, apofuka, atangatanga. Na vijana wale wakutanapo hatimaye, na machozi ya binti yakamrudishia kijana macho yake, mahali ambapo ngano nyingine zingekwisha, La Force hawaachilii bado. Chakula wakishikacho chageuka mawe, maji yageuka vito vigumu, majani waokotayo yageuka wadudu na nyoka, na wazazi wale wawili na watoto wao pacha walala chini kungoja kufa. Hapo ndipo jini awatazamapo. Ghadhabu yake imekwisha kupata kila ilichokitaka, na mbele yake yuko mtoto aliyemlea afa kwa njaa katika mikono ya mtu mwingine. Moyo wake wageuka. Awajia na gari la dhahabu, awapakia wote wanne, awapeleka kwa mfalme baba wa kijana.

Ukiniuliza ni wapi katika historia yote ya kisa hiki ndipo alipopenda kwa ikhlasi, nitakuonyesha gari lile. Si kwa kuwa huko nyuma alikuwa akijifanya, la. Bali kwa kuwa hapo ndipo kwa mara ya kwanza alipompa binti kitu ambacho hakikumrudisha kwake. Mnara wa fedha ulikuwa zawadi, lakini ulikuwa zawadi yenye kamba. Na hata kijumba cha pwani, pamoja na neema zake, kilikuwa bado ni njia ya kusema kuwa riziki yako yatoka kwangu, hata katika hasira yangu. Gari lilimpeleka binti kwa watu wasiomdai mlezi neno, ambako angeweza kuishi miaka mingi pasipo kumkumbuka. Kisa kilipofika kwa ndugu Grimm, baada ya kupitia tafsiri ya Kijerumani ya mwaka 1790, mwisho huo ulidondoka. Mbwa mwitu wa Basile hakufaa, huruma ya La Force haikuwapo. Kikabaki kimya kile nilichokitaja.

Msomaji wa mwambao wetu huenda akatabasamu hapa, na ana haki ya kutabasamu. Katika miji yetu ya kale, kuanzia Lamu mpaka Unguja, binti aliyefikia umri wa Rapunzel aliwekwa ndani, akatawishwa mpaka siku ya arusi yake, na waliomweka walikuwa ni mama na bibi waliompenda kuliko nafsi zao. Silinganishi ada yenye taratibu zake na uchawi wa mtu mmoja, wala siji hapa kuhukumu marehemu wa watu. Nataka kusema tu kuwa sisi hatuna sababu ya kuona ni muhali mtu mmoja awe na funguo mkononi na machozi machoni.

Basi nageukia filamu ya katuni ya kampuni ya Disney, iliyotoka mwaka 2010 kwa jina la Tangled, kwa kuwa ndiyo iliyowafikishia watoto wengi wa leo kisa hiki, na kwa kuwa nina daawa nayo. Mlezi humo aitwa Mama Gothel, na sauti yake ya Kiingereza ilitolewa na Donna Murphy, ambaye ni fundi hodari. Katika ufundi wa kuonyesha hila, filamu hii yawapita wote niliowataja. Mama Gothel hapigi wala hafokei bila sababu. Amtupia binti maneno ya kumdharau umbo na akili, kisha acheka na kusema ni mzaha. Amwimbia habari za majambazi na maradhi yaliyoko nje kwa madaha ya mtu anayebembeleza. Na akishindwa katika hoja ajikalisha kitini akasikitika kwamba sasa yeye ndiye amekuwa mbaya. Watu wazima wengi waliokwenda sinema kuwafuata watoto wao, sina shaka, walizisikia humo sauti walizokuwa wakizijua.

Lakini waandishi wa filamu hawakuthubutu kufika mwisho wa walilolianza. Walimpa sababu. Nywele za binti, watuambia, zina nguvu ya kumrudishia kizee ujana, naye alimwiba kitandani kwa ajili hiyo. Amwambiapo kwamba ampenda, mkono wake huwa juu ya nywele. Kwa hila hiyo moja mtazamaji amekombolewa. Mama au baba aliyekuwa ameanza kujihisi vibaya katika kiti chake apumua, kwa kuwa yeye hana haja na nywele za mwanawe, seuze ujana wa milele. Basi huyu si yeye. Na Mama Gothel, akiisha kufanywa mwizi wa ujana, aweza kuzeeka kwa dakika moja na kuanguka kutoka dirishani bila kumliza mtu. Ni mbwa mwitu wa Basile amerudi katika vazi jipya.

Hata hivyo filamu yenyewe haikuweza kujiamini kabisa, na hapo naipa heshima yake. Mlezi huyu mwenye kutaka nywele tu akumbuka kumpikia binti supu ya njugu aipendayo. Akubali safari ya siku tatu ili amletee rangi alizoziomba kwa siku yake ya kuzaliwa. Mtaniambia kuwa hizo nazo ni hila, na yamkini. Lakini hila iliyorudiwa kila siku kwa miaka 18, kwa supu ile ile ampendezayo mtoto yule yule, sijui kama yaweza kukaa moyoni mwa mtu bila kuacha kitu. Na Gothel anapoanguka, binti, ambaye amekwisha kujua yote, anyosha mkono kumdaka. Mchoraji aliyeuchora mkono ule aliijua hadithi kuliko mwandishi wake.

Waliothubutu ni Stephen Sondheim na James Lapine katika mchezo wao wa kuigizwa na kuimbwa, Into the Woods, ulioanza kuonyeshwa Broadway, New York, mwaka 1987. Mchawi wao amlea Rapunzel, ampenda, amdanganya, amfungia, amfukuza, kisha amwona akifa chini ya miguu ya jitu, na huzuni yake haitiliwi shaka na mtu hata mmoja katika ukumbi, wala haimfutii hata hatia moja. Filamu iliyofanywa kwa mchezo huo mwaka 2014 ilimwacha binti aondoke hai na mchumba wake, ikampunguzia mchawi msiba wake, nasi tukapunguziwa jambo la kufikiri. Mwaka huo huo Disney walitoa Maleficent, ambamo mwovu wa hadithi nyingine asafishwa kwa sabuni nyingi hata mtu ashangae ni nani basi aliyelaani.

Hapa ndipo niwapingapo watu wa makundi mawili, ambao huonekana kuwa maadui na kumbe hunywa katika kisima kimoja. Wa kwanza husema kwamba penye hila hapana mapenzi, na kwa hiyo mchawi hakumpenda Rapunzel hata siku moja. Wa pili husema kuwa alimpenda, kwa hiyo tumsamehe. Wote wawili wameyafanya mapenzi kuwa hati ya kumwachia mtu huru: wa kwanza wamnyima hati ili wapate kumfunga, wa pili wamkabidhi ili atoke. Mimi naona kuwa alimpenda kweli kweli, na kwamba hilo halimtoi hatiani bali lazidisha uzito wa mashtaka, kwa sababu mapenzi yake ndiyo yaliyofanya hila zifaulu. Zimwi lisilopenda haliwezi kumdumisha mtoto mnarani kwa hiari yake. Mtoto angelichukia na kutafuta njia tangu mapema. Rapunzel aliteremsha nywele zake kila alipoitwa kwa kuwa aliyepanda alikuja na huba ya kweli, na moyo wa mtoto huitambua huba hata ikiwa imechanganyika na sumu. Lau mchawi angekuwa laghai mtupu, binti asingalihitaji mfalme wala mwana wa mfalme kumzindua.

Wako walimu watakaosema kwamba watoto wadogo hawawezi kubeba mchanganyiko huu, na kwamba ngano hupasa kumpa mtoto mweupe na mweusi mpaka akili ipevuke. Wana haki kwa baadhi ya ngano, na sitaki kumwondolea mtoto raha ya kuona kizee mla watu kikiingia tanurini. Lakini mtoto aliyefikia miaka minane au tisa amekwisha kuonja, walau mara moja, kudanganywa na mtu ampendaye kwa ajili ya faida yake mwenyewe, na hilo halikumfanya adhani kuwa hapendwi. Limemfanya ashangae tu, akakosa la kuliita. Huyo ndiye ningemsimulia Persinette nzima, pamoja na fedha ya mnara na mawe yaliyotoka katika mkate, na nikifika penye gari la dhahabu nisingemweleza neno.

Sijapata kuiona hadithi hiyo katika kitabu cha Kiswahili cha watoto, ilhali Rapunzel wa filamu yuko mpaka katika mikoba ya shule. Aijuaye lugha ya Wafaransa na ajaribu kuitafsiri. Si ndefu, na mwandishi wake alifariki mwaka 1724, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa.